Timu yako imtredi staa mzee wa bei ghali ama imwache? Namna ya kupiga hesabu kabla hujaanza kelele

Kila Februari story ni ile ile. Dirisha la tredi (timu kubadilishana wachezaji) la NBA, ligi ya basketi ya Marekani, linafungwa Alhamisi saa tisa mchana za New York, huku kwetu Kisumu hiyo ni saa tano usiku, na kuanzia Jumatatu ya hiyo wiki grupu ya WhatsApp hailali. Kuna staa wa miaka 35 amekosana na timu yake, analipwa mabilioni ukigeuza kwa shilingi, na kuna jamaa wa Kondele ashaamua timu yetu imchukue leo leo. Ukimuuliza kwa nini anakuuliza tu, "Kwani humjui?" Tunamjua, omera. Lakini kumjua si hesabu.

Sasa hii ndio njia mi hutumia. Unahitaji kalamu, karatasi, bundles kiasi, na ule moyo wa kusahau jina la huyo mtu kwa muda. Inasaidia kwa ubishi wa base, inasaidia ukiwa meneja kwa gemu ya 2K, na inasaidia hata kama unashabikia timu tu na hutaki kulia Mei. Mifano mingi naitoa Phoenix Suns juu hao wamenunua mzee mara tatu, 2008, 2020 na 2023, moja ikajipa na mbili zikawaramba, na ukizielewa hizo tatu hakuna mtu atakudanganya.

HATUA YA 1: ANZA NA WANAOTOKA

Watu wote huanza na anayekuja. Wewe anza na wanaoenda. Hapa ndio nitakaa sana juu hapa ndio tredi huharibika, na hakuna mtu huangalia.

NBA si kama soka ambapo klabu inatuma pesa kwa akaunti na mchezaji anapanda ndege. Timu nyingi zishavuka kikomo cha mishahara, kwa hivyo ukitaka mtu wa dola milioni 54 lazima utoe watu ambao mishahara yao ikijumlishwa inakaribia hiyo 54. Na staa wako kijana huwezi mtoa, si ndio sababu unatafuta mzee amsaidie? Chipukizi wa mkataba wa kwanza naye analipwa kidogo, hata ukitoa watatu mizani haishuki. Wanaobaki ni wale wa katikati, wale wa milioni 15, milioni 20, wanaolinda mtu hatari wa timu ingine, wanasimama kona wanarusha pointi tatu, na huwezi sikia wakilalamika kwa redio. Hao ndio hulipa bei ya staa.

Angalia Phoenix ya Novemba 2020. Walimchukua Chris Paul kutoka Oklahoma City akiwa miaka 35, mshahara wake msimu huo ulikuwa zaidi ya milioni 41, na watu walikuwa wanasema huo mkataba haubebeki. Walitoa nini? Ricky Rubio, Kelly Oubre, vijana wawili, Ty Jerome na Jalen Lecque, na piki moja ya raundi ya kwanza (piki ni zamu ya kuchagua chipukizi wapya kila mwaka, timu mbovu huchagua mapema). Sasa angalia waliobaki: Devin Booker, Deandre Ayton, Mikal Bridges, Cam Johnson. Yaani mzee aliingia na nyumba haikuguswa. Timu iliyokuwa imeshinda 34 na kupoteza 39 ikashinda 51 na kupoteza 21, ikafika fainali ya 2021, ikaongoza Milwaukee mbili bila kabla ya kupigwa nne mfululizo. Msimu uliofuata wakashinda mechi 64.

Alafu ikafika Februari 2023. Kevin Durant, miaka 34, mchezaji mkubwa kuliko Paul ukiniuliza mimi. Walitoa Bridges. Walitoa Johnson. Wakaongeza Jae Crowder, na piki nne za raundi ya kwanza bila ulinzi wowote (zinaenda hata ziangukie namba gani), za 2023, 2025, 2027 na 2029, na haki ya kubadilishana piki 2028. Ni wale wale Bridges na Johnson, ndio wakawa bei. 2023 wakatolewa na Denver raundi ya pili, 2024 Minnesota ikawafagia nne bila raundi ya kwanza, 2025 wakamaliza 36 kwa 46, hawakuona hata playofu, zile mechi za mtoano. Na Durant je? Huo msimu wa mwisho alikuwa anafunga wastani wa pointi 26.6 akiwa na miaka 36. Mzee alileta kila kitu alichoahidi, ni vile tu kando yake kulikuwa kumebaki hewa.

Na hii hawakuanza jana. Februari 2008 walikuwa wameshinda 34 na kupoteza 14, timu ya Steve Nash inayokimbia ile mbaya, wakamtoa Shawn Marion pamoja na Marcus Banks ndio wapate Shaquille O'Neal, miaka 35, milioni 20 kwa mwaka. Marion ndiye alikuwa anakimbia na Nash na analinda kila mtu, mfupi kwa mrefu. San Antonio ikawatoa raundi ya kwanza, nne kwa moja. Msimu uliofuata playofu waliisikia kwa majirani.

Kwa hivyo chora mistari miwili kwa karatasi, wanaokuja na wanaotoka. Kando ya kila anayetoka jibu swali moja tu: mechi kubwa, robo ya nne, huyu alikuwa anamlinda nani? Kama jibu ni "mtu hatari wao", weka alama nyekundu. Alama moja unaweza vumilia kama benchi iko na mwingine. Mbili, funga daftari, hiyo tredi imekufa hata kama anayekuja ni nani.

Ukitaka kujipima jaribu na hizi mbili. Lakers 2021 walimchukua Russell Westbrook wa miaka 32 na mshahara wa milioni 44, wakatoa Kyle Kuzma, Kentavious Caldwell-Pope, Montrezl Harrell na piki. Wakaishia 33 kwa 49. Caldwell-Pope akavaa pete ya ubingwa na Denver 2023. Milwaukee nao Septemba 2023 wakamchukua Damian Lillard kutoka Portland, miaka 33, na aliyetoka ni Jrue Holiday ambaye Portland hawakukaa naye hata wiki, wakamsukuma Boston, na Juni 2024 Boston wakawa mabingwa. Sisemi Lillard ni mbaya, namheshimu sana. Nasema alama nyekundu ilikuwa inaonekana hata bila miwani.

HATUA YA 2: SOMA MKATABA MZIMA, SI MSHAHARA WA MWAKA HUU

Mtu aliyecheza miaka 10 au zaidi anaruhusiwa kuanza mkataba kwa asilimia 35 ya kikomo. Msimu wa 2025-26 kikomo ni dola milioni 154.6, kwa hivyo asilimia 35 ni kama milioni 54.1, na dola ikiwa karibu shilingi 129 hiyo ni kitu bilioni 7 za Kenya, mwaka mmoja, mtu mmoja. Sawa. Lakini sasa kila mwaka inaweza panda kwa asilimia 8 ya ule mshahara wa kwanza, so mwaka wa pili ni milioni 58.5. Magoti yanashuka, hela inapanda. Andika umri wake kando ya kila mwaka wa mkataba, 35, 36, 37, na ukifika ule mwaka wa mwisho jiulize kama ungemlipa hiyo pesa akiwa mtu huru, hana mkataba na timu yoyote. Mara nyingi mkono utakataa kuandika.

Vitu vingine vya kuangalia hapo: kama mwaka wa mwisho ni yeye anaamua kubaki (atabaki, nani hukataa milioni 58), na kama ako na haki ya kukataa kutrediwa. Hii ya pili ni sumu. Bradley Beal alikuja Phoenix Juni 2023 na hiyo haki mfukoni, na hakuwa hata mzee, lakini walipotaka kumtoa kila njia ilipita kwake kwanza. Mwisho wakamlipa aende, na wakasambaza deni lake kwa miaka mitano.

Kusambaza ni hivi: unamwacha mtu, miaka iliyobaki kwa mkataba unazidisha mara mbili unaongeza moja, hizo ndio miaka unabeba deni. Lillard alipasuka mshipa wa kisigino Aprili 2025 katikati ya playofu dhidi ya Indiana, akiwa amebakisha miaka miwili, milioni 54.1 na 58.5. Mbili mara mbili ni nne, ongeza moja ni tano. Jumla 112.6 gawa kwa tano, Milwaukee watakuwa wanabeba milioni 22.5 kila msimu hadi 2029-30 kwa mtu ambaye hachezi kwao, amerudi zake Portland. Ni kweli hiyo nafasi ndio waliitumia kumleta Myles Turner, hawakufanya ujinga mtupu. Lakini Turner ukimhesabia vizuri bei yake ni Turner na Lillard pamoja.

HATUA YA 3: TIMU IKO UPANDE GANI WA APRONI

Hapa ndio ubishi mwingi wa base hufa, juu watu bado wanaongea kama ni 2010. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji wa 2023 uliongeza mstari wa pili, so sasa iko miwili juu ya mstari wa kodi (mishahara ikiuvuka timu inalipa kodi kwa ligi), inaitwa aproni. Msimu wa 2025-26 mstari wa kodi ni milioni 187.9, aproni ya kwanza 195.9, ya pili 207.8. Tajiri zamani alikuwa anasema wacha nilipe kodi tu, pesa ninayo. Aproni ya pili haitaki pesa yako, inakufunga mikono.

Ukiivuka hauruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi kupata mmoja. Hauruhusiwi kupokea mshahara mkubwa kuliko unaotoa, hata kidogo. Hauwezi kutuma pesa taslimu kwa tredi. Ile nafasi ya kusaini mtu wa kawaida aliye huru bila kujali kikomo, imeenda. Na piki yako ya raundi ya kwanza ya miaka saba mbele inagandishwa, haiuziki, na ukizoea kukaa huko juu inasukumwa hadi mwisho wa raundi.

Ebu fikiria maana yake. Timu yako iko juu ya aproni ya pili na unataka mzee wa milioni 54. Huwezi toa wa 30 na wa 25. Lazima utoe mtu MMOJA mwenye 54 ama zaidi. Na wewe huyo mtu wa 54 ni nani kwenu? Ni staa wako. So jamaa akisema "tuwape huyu na huyu na yule", muulize timu iko wapi kwa aproni, na kama hajui mpe chai anyamaze.

Na hata kama uko chini leo, jumlisha upya na mzee ndani. Watu husahau hii. Tredi inakubalika, mnasherehekea, alafu Julai unagundua huwezi ongeza mtu yeyote isipokuwa wale wa mshahara wa chini kabisa, na mzee wako anacheza dakika 37 kila usiku juu nyuma yake hakuna mtu. Timu iliyonunua mzee ndio inahitaji benchi kuliko timu zote, na ndio inakosa pesa ya benchi.

HATUA YA 4: PIKI

Sheria ya Stepien, imeitwa hivyo kwa sababu ya mwenye Cleveland wa zamani aliyekuwa anagawa piki kama njugu, inasema huwezi baki bila piki ya raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo ya mbele. Ndio unaona Phoenix walitoa 2023, 2025, 2027, 2029, wakiruka mwaka mmoja mmoja, na hiyo ya kubadilishana ikaingia kwa pengo la 2028. Ukiona tredi imepangwa hivyo jua imetumia karibu kila kitu sheria inaruhusu.

Swali la kuuliza ni moja: hizi piki zitalipwa mzee akiwa na miaka mingapi? Ukiuza za mwaka huu na mwaka ujao wakati timu ni nzuri, unatoa piki za namba 25 huko, si mbaya. Ukiuza za miaka mitano mbele unauza zile za wakati mzee ashastaafu na timu ni mbovu, na hizo ndio tamu. Hiyo ni kuuza shamba ya watoto ununue gari ya kwenda harusi moja.

Brooklyn 2013 ndio kesi yenyewe. Walichukua Kevin Garnett wa miaka 37, Paul Pierce 35 na Jason Terry 35, wakawapa Boston piki za 2014, 2016, 2018 na haki ya kubadilishana 2017. Msimu wa kwanza 44 kwa 38, wakashinda raundi moja, Miami ikawatoa nne kwa moja. Pierce akaenda Washington baada ya mwaka mmoja tu. Garnett Februari 2015 akarudi Minnesota. Kufika 2016-17 Brooklyn walishinda mechi 20 wakapoteza 62, wa mwisho kabisa, na ile piki ya namba moja ikaenda Boston. Boston wakaisogeza hadi namba tatu wakachukua Jayson Tatum. Mwaka uliotangulia walikuwa washachukua Jaylen Brown na piki ingine ya hao hao Brooklyn, ile ya 2016. 2024 hao wawili wakawa mabingwa na Brown akawa mchezaji bora wa fainali. Miaka kumi na moja baadaye! Kuna vijana wa Brooklyn walianza shule na kumaliza wakilipa hiyo deni.

HATUA YA 5: ANGALIA MIGUU, SI MPIRA

Mechi nyingi huku zinaanza saa tisa na nusu usiku, na zile za Los Angeles saa kumi na mbili asubuhi mtu akiwa anatafuta viatu vya kazi. So tunaishi kwa hailaiti. Na hailaiti ni adui yako kwa hii mambo, juu hailaiti inaonyesha mpira ukiingia, na mzee mwenye mkono mzuri atafunga hadi kaburini. Uzee hauko hapo.

Tafuta mechi moja nzima, moja tu inatosha, hasa ile ya usiku wa pili mfululizo, na uangalie robo ya tatu macho yakiwa kwake hata kama mpira uko kwingine. Amekosa risasi, anarudi akikimbia ama anatembea akimwangalia refa? Akiwekewa skrini anapenya ama ananyoosha kidole kumwambia kijana "chukua huyo"? Mtu wa kona akipokea mpira, yeye anafika hadi usoni ama anasimama hatua mbili nyuma ameinua mkono kama anasimamisha matatu? Kuna jamaa hapa town, mzee wa zaidi ya miaka arobaini, Jumamosi ukimpata korti atakufunga tatu mfululizo bila jasho, lakini mwangalie akitua chini. Anatua na mguu wa kushoto kila saa, ule wa kulia unafuata polepole, na akishatua tu mkono wake tayari uko hewani anapanga nani alinde nani. Ukishaiona hiyo kwa korti yetu utaiona kwa NBA pia, tofauti ni kamera.

Kwa namba angalia vitu viwili tu: mitupo ya bure kwa mechi, na risasi za karibu na pete. Zikishuka kwa miaka miwili ama mitatu huku wastani wa pointi umebaki pale pale, ameanza kuepuka kugongwa. Si dhambi, lakini ujue unanunua mrushaji, hununui tena mpasuaji.

Na aina ya mchezo ni muhimu kuliko umri wenyewe. Durant alipasuka mshipa wa kisigino fainali ya 2019, akarudi Desemba 2020, na bado anafunga, kwa nini? Juu ni mrefu sana na anarusha juu ya mtu, hakuwa anategemea kuruka. Paul alikuwa anategemea jicho na pasi. Westbrook alikuwa anategemea kasi na kupanda hewani, na akiwa hana mpira mkononi hakuwa na kazi, na kule Lakers mpira ulikuwa wa LeBron. Kwa hivyo miaka 32 ya mmoja inaweza zeeka kuliko 35 ya mwingine. Mtu akikuambia "miaka ni namba tu" mwambie ndio, sasa niambie anaishi na nini, mguu ama mkono.

HATUA YA 6: NI WA NOVEMBA AMA WA MEI

Fupi. Msimu wa kawaida ni mechi 82, playofu inaanza katikati ya Aprili na fainali ni Juni. Hauleti mzee akushindie Novemba. Paul 2021 aliumia bega raundi ya kwanza na bado akavumilia. 2022 Phoenix walikuwa mbele ya Dallas mbili bila, mechi ya tatu ikaangukia siku yake ya kutimiza miaka 37, akapoteza mpira mara saba kwa nusu ya kwanza peke yake, na mfululizo wote ukageuka hadi ile mechi ya saba ya 123 kwa 90 wakiwa nyumbani. Timu ya mechi 64! Kwa hivyo angalia amecheza dakika ngapi kabla ya playofu, na kama kocha ako na ujasiri wa kumkalisha. Ukiona kocha amepewa mzee na msimu unategemea huyo mzee kila usiku ndio wafike nafasi ya sita, ashachoka hata kabla ya Pasaka.

HATUA YA 7: SASA LINI UNASEMA NDIO

Mimi si mtu wa kukataa kila kitu, kuna siku unanunua na hujutii. Houston Februari 1995 walimtoa Otis Thorpe wakamchukua Clyde Drexler, miaka 32, wakaingia playofu namba sita na wakabeba kombe. Boston 2007 walimleta Garnett wa 31 na Ray Allen aliyekuwa anatimiza 32, wakatoa vijana wengi na piki, 2008 wakawa mabingwa. Holiday pale Boston, nishasema.

Ukiziangalia vizuri, wote waliingia kwa timu iliyokuwa na mtu mkuu tayari, Hakeem Olajuwon pale Houston, Pierce pale Boston, Tatum na Brown baadaye. Mzee hakuja kuwa baba wa nyumba. Na alikuja na kitu kimoja ambacho timu ilikuwa inakosa waziwazi. Mi husema ndio kama naweza kukijaza hiki kitu kwa sentensi moja bila kutaja jina lake: "tunakosa mtu wa kutulia na mpira dakika tano za mwisho". Ukishindwa kuandika hiyo sentensi, unanunua jina.

Alafu bargain. Anayeuza mzee ghali naye ana presha, juu kila mwezi bei inashuka. Kwa hivyo weka ulinzi kwa piki, yaani ikiangukia kumi bora haiendi. Toa za karibu, ficha za mbali. Kataa mwaka wa nyongeza wa mkataba kama sharti la yeye kuja. Na kama wanataka yule wa alama nyekundu, subiri, Januari haina haraka.

(Makocha wa timu za huku mnaosoma hii, nyinyi hamna aproni wala piki, lakini hatua ya 1 na ya 5 ni zenu kabisa. Kumleta staa wa zamani kutoka Nairobi gharama yake si nauli na alawansi na mahali pa kulala peke yake. Ni dakika 25 za yule kijana anayekuja mazoezi kila jioni, na huyo kijana akikosa dakika msimu mmoja mwakani yuko timu ingine ama ameacha mpira. Mleteni mzee, sawa, lakini mpangeni acheze NA huyo kijana, si mahali pake.)

HATUA YA 8: ANDIKA TAREHE YA KUTOKA KABLA HAJAINGIA

Hii nafanya mwisho, na wengi hawaifanyi kabisa. Chini ya karatasi andika: tusipofika nusu fainali ya kanda kufikia mwezi fulani, tunamuuza. Na uandike ni timu gani inaweza mtaka wakati huo, na kwa nini. Kama hakuna hata moja unayoweza kuiandika, basi mkataba wake hautatoka mikononi mwako na lazima urudi hatua ya 2.

Danny Ainge, bosi wa Boston wakati huo, aliwauza Garnett na Pierce wakiwa bado wana majina makubwa, hakungoja wavue viatu. Phoenix nao wakangoja. Majira ya joto ya 2025 Durant akaenda Houston, na walichopata ni Jalen Green, Dillon Brooks, piki za raundi ya pili, na piki namba 10 ya mwaka huo ambayo wakamchukulia Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa hapa jirani Uganda. Sasa hiyo piki namba 10, ukifuata njia yake, ilikuwa ya Phoenix wenyewe. Waliitoa 2023 kwenda Brooklyn ndio wampate Durant, Brooklyn wakaipeleka Houston, na wao wakamtoa Durant ndio wairudishe.